Maji Moto kutoka Mashine ya Boti: Faida, Utaratibu na Hadhari

Nyakati za kipupwe, baina ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, boti za wavuvi hurejea bandarini Malindi alfajiri zikiwa na samaki ambao baada ya muda mfupi huwa wameshafika kwenye meza za soko la Darajani. Mnunuzi humwona samaki. Ni nadra kumfikiria aliyekesha kumtafuta. Mvuvi huyo amelowa usiku kucha, chumvi imemkauka mwilini, mikono imejaa vumba na magamba, na maji yaliyobaki kwenye dumu ni baridi. Ilhali hatua mbili tatu kutoka alipokaa akitetemeka, chini ya sakafu ya boti, mashine imekuwa ikitoa joto la kutosha kuchemsha madumu kadhaa ya maji. Joto hilo lote limemwagwa baharini.

Makala haya yanaeleza namna sehemu ya joto hilo inavyoweza kutumiwa kupasha maji ya kuogea, ya kunawia na ya kuoshea vyombo na makasha ya samaki. Yamekusudiwa wavuvi, wenye boti za kutembeza wageni, na mafundi wanaoombwa kufunga mitambo ya aina hii. Jambo lenyewe ni rahisi kueleweka, lakini likifungwa ovyo huweza kumuunguza muogaji au kuizima mashine chombo kikiwa katikati ya mkondo. Kwa sababu hiyo, hadhari zimepewa nafasi sawa na faida.

Joto linalopotea

Mashine ya dizeli haibadilishi mafuta yote kuwa nguvu ya kusukuma chombo. Katika kila lita 10 za dizeli zinazoungua, ni lita 3 hadi 4 tu ambazo nguvu yake hufika kwenye mhimili wa pangaboi. Kiasi kinachokaribia hicho hutoka na moshi, na takriban lita 3 huishia katika maji yanayoipooza mashine. Kwa hiyo mwenye boti ambaye hulipia lita 10 hupata kazi ya lita 3 au 4. Zilizobaki huwa amezilipia zipashe bahari na hewa.

Joto lililomo katika moshi ni kali mno. Karibu na kichwa cha mashine bomba la moshi hufikia nyuzi 300 hadi 500 za Selsiasi, na maji yakipitishwa hapo huweza kugeuka mvuke mara moja na kupasua bomba. Aidha, tundu dogo katika bomba hilo huingiza ndani ya chombo hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Joto la maji ya kupoozea ni tulivu zaidi. Katika mashine nyingi huwa baina ya nyuzi 75 na 90, na huongozwa na themostati isipungue wala isizidi. Hilo ndilo joto linalofaa kuchotwa, na ndilo linalozungumzwa hapa. Bomba la moshi liachwe lilivyo.

Si jambo geni Unguja

Fikra ya kuufanya moto mmoja utumike kwa kazi zaidi ya moja haikuletwa Unguja na mashine za dizeli. Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu ya Kidichi. Baadaye mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu kubwa ya mjini katika mtaa ambao hadi leo huitwa Hamamni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Darajani. Humo, tanuri lilipasha maji na joto likapitishwa chini ya sakafu, hivyo moto ule ule ukapasha maji ya kuogea na vyumba vya kuogea. Sayyid Barghash ndiye pia aliyeleta mjini maji safi ya bomba kutoka chemchemi zilizo kaskazini mwa mji.

Meli kubwa nazo zimeendelea na kanuni hiyo. Katika meli nyingi za dizeli, maji yanayotoka kupooza mashine hupitishwa kwanza kwenye mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji matamu. Hewa ndani ya mtambo huo hupunguzwa hadi maji ya bahari yakachemka kwenye joto la nyuzi 50 hivi badala ya 100, na mvuke wake ukipoa huwa maji ya kunywa na kuogea. Boti ndogo haihitaji mtambo wa namna hiyo. Inahitaji tangi, mpira wa maji na fundi makini.

Mtambo unavyofanya kazi

Chombo kikuu ni tangi la maji ya kuogea lenye bomba la shaba nyekundu, au la chuma kisichoshika kutu, lililoviringishwa ndani yake kama chemchem ya godoro. Maji ya moto ya mashine hupita ndani ya bomba hilo, na maji ya kuogea hulizunguka kwa nje. Joto hupenya ukuta wa bomba na kuingia katika maji ya kuogea, lakini maji yenyewe hayakutani. Hili ni sharti lisilo na msamaha, kwa kuwa maji ya mashine huwa na kutu, mafuta na mara nyingi kulanti, ambayo aina zake nyingi ni sumu ikinywewa, na ladha yake tamu huweza kumhadaa mtoto.

Mashine nyingi za dizeli zilizotokana na mashine za gari zina matundu mawili yaliyokusudiwa kupeleka maji ya moto kwenye hita ya gari. Moja hutoa maji kutoka sehemu ya moto ya mashine, na la pili huyarudisha upande wa kuvutia wa pampu. Mipira ya tangi hufungwa kwenye matundu hayo. Kwa njia hiyo pampu ya mashine yenyewe husukuma maji hadi kwenye tangi na kuyarejesha, na hakuna haja ya pampu nyengine. Fundi asikate mpira mkubwa wa rejeta ili kupata njia ya mkato, kwani kufanya hivyo huvuruga kazi ya themostati, na mashine hupata joto pungufu au joto la kupindukia.

Mahali pa kuweka tangi pana umuhimu wake. Likiwekwa juu kuliko mfuniko wa kujazia maji ya mashine, hewa hujikusanya katika bomba la ndani na maji hukataa kuzunguka. Tangi likae chini ya kiwango hicho, karibu na mashine, na lifungwe imara kwa mikanda ya chuma, maana tangi la lita 40 likijaa huwa na uzito wa zaidi ya kilo 40 na boti huyumba. Baada ya kufunga, mashine iwashwe bila mzigo, hewa itolewe katika sehemu ya juu kabisa ya mipira, kisha maji ya mashine yaongezwe mpaka kiwango kitulie. Fundi anayeondoka kabla ya hatua hii huwa ameacha kazi nusu.

Hesabu ya tangi moja

Tuchukue tangi la lita 40 lililojazwa maji ya nyuzi 27. Ili yafikie nyuzi 60 yanahitaji kupandishwa nyuzi 33. Lita moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 kwa kila uzi mmoja. Basi 40 mara 33 mara 4.2 ni takriban kilojuli 5,500.

Mashine inayochoma lita 5 za dizeli kwa saa huzalisha takriban kilojuli 180,000 katika saa hiyo, kwani lita moja ina kama kilojuli 36,000. Thuluthi kasoro kidogo, yaani karibu 54,000, huingia katika maji ya kupoozea. Hata kama bomba la ndani ya tangi litanasa thuluthi moja tu ya joto hilo, tangi huwa tayari kabla ya dakika 20. Safari ya saa moja inatosha na kubakisha. Tangi likivikwa vizuri kwa sponji nene au kifuniko kingine cha kuzuia joto, maji hubaki na uvuguvugu wa kufaa mpaka asubuhi ya pili, mashine ikiwa imezimwa.

Kwa kulinganisha, kupasha maji hayo hayo kwa makaa kungehitaji karibu kilo moja, kwani jiko la kawaida hufikisha kwenye sufuria kama sehemu moja tu kati ya tano ya joto la makaa. Juu ya gharama hiyo kuna hatari ya moto wa wazi ndani ya chombo cha mbao chenye mafuta.

Hesabu ya maji matamu nayo isisahauliwe. Lita 40 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya baridi hutoa takriban lita 100 za maji ya nyuzi 40, ambayo ni joto zuri la kuogea. Kwa bomba la mvua lililoachwa wazi, watu wawili watatu wanaweza kuzimaliza. Kwa ndoo na kata, au kwa bomba linalofungwa wakati wa kujipaka sabuni, watu 10 wataoga kwa lita 10 kila mmoja. Baharini maji matamu huisha kabla ya joto.

Ifahamike pia kwamba joto hili ni la bure pale tu mashine inapokuwa na kazi nyengine ya kufanya. Kuiwasha mashine ya dizeli chombo kikiwa kimetia nanga, kwa ajili ya kupasha maji tu, ni kupoteza mafuta na kuichafua mashine, kwani dizeli haipendi kufanya kazi muda mrefu bila mzigo.

Mpira wa maji ya kuogea ni kiungo cha mashine

Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Siku tangi linapofungwa, mipira yake miwili inakuwa sehemu ya mfumo wa kupooza mashine. Mmoja ukipasuka, maji ya mashine humwagika yote ndani ya dakika chache, mashine hupanda joto, kichwa hupinda au gasketi huungua, na chombo husimama. Kwa boti iliyo ndani ya bandari hiyo ni hasara ya fedha. Kwa boti iliyo katika mkondo wa Nungwi, usiku, upepo wa kusi ukiwa mkali, hiyo ni hasara ya namna nyengine kabisa. Bomba lililowekwa kwa ajili ya raha ya kuoga ndilo litakalokuwa limehatarisha maisha ya waliomo.

Kwa hiyo mambo manne hayafai kupuuzwa. Kwanza, mipira iwe ile ya rejeta au hita ya gari, inayostahimili joto na msukumo. Mpira wa kumwagilia bustani hulainika na kupasuka. Pili, kila ncha ifungwe kwa klipu mbili. Tatu, mipira ipitishwe mbali na mikanda inayozunguka, bomba la moshi na kona kali za mbao au chuma, na ishikizwe isining'inie. Nne, ziwekwe koki mbili za chuma pale mipira inapotoka na kurudi kwenye mashine, mahali ambapo mkono wa baharia unafika hata gizani. Mpira ukipasuka, koki hizo hufungwa, maji huongezwa, na mashine huendelea kufanya kazi kama vile tangi halikuwapo. Koki mbili ni gharama ndogo, nazo ndizo zinazotenganisha usumbufu na msiba.

Kila mtu katika chombo aoneshwe koki hizo zilipo. Nahodha pekee akijua, na nahodha akawa ameshika usukani, hazitakuwa na faida.

Usalama wa muogaji

Maji yanayokaribia joto la mashine huunguza. Katika nyuzi 60 ngozi ya mtu mzima huungua ndani ya sekunde 5 hivi. Katika nyuzi 70 sekunde moja inatosha, na ngozi ya mtoto huungua haraka zaidi. Baada ya safari ndefu, tangi linaweza kufikia nyuzi 80. Ndiyo maana kabla ya bomba la kuogea huwekwa koki ya kuchanganya, inayoruhusu maji ya baridi kuingia yenyewe na kuyashusha hadi nyuzi 40 na kitu. Pasipokuwa na koki hiyo, maji yachanganywe ndani ya ndoo, ya baridi yakitangulia na ya moto yakifuata, na yaguswe kwa mkono kabla ya kumwagwa mwilini. Boti huyumba, asimame mtu chini ya bomba la maji ya nyuzi 80 kwa kutegemea kuiwahi koki, huyo amejiweka hatarini.

Maji yakipata moto huongezeka. Lita 40 zikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 80 huongezeka kwa karibu lita moja, na tangi lililozibwa pande zote halina pa kuiweka lita hiyo. Koki ya usalama, inayofunguka yenyewe msukumo unapozidi, ni lazima. Bomba lake lielekezwe chini, mahali pasipopita watu, na lisizibwe kwa sababu eti linadondosha maji.

Upande wa pili, maji ya uvuguvugu yaliyolala siku nyingi yana hatari yake. Baina ya nyuzi 20 na 45 huweza kuzaliana vijidudu vya lejionela, vinavyoleta homa kali ya mapafu pale mtu anapovuta matone madogo ya maji hayo akiwa anaoga. Ugonjwa huo ulitambulika mwaka 1976 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Kinga yake ni nyepesi: tangi lifikishwe nyuzi 60 au zaidi mara kwa mara, na chombo kikikaa bila safari kwa wiki kadhaa, maji yamwagwe na tangi lioshwe kabla ya kutumika tena.

Dalili moja isipuuzwe kamwe. Iwapo maji ya mashine yanapungua kila siku na hakuna uvujaji unaoonekana, huenda bomba la ndani ya tangi limetoboka na maji ya mashine yanaingia katika maji ya kuogea. Hapo koki mbili zifungwe, na maji ya tangi yasitumiwe mpaka bomba lipimwe.

Boti zenye mashine ya nje

Boti nyingi za Unguja hutumia mashine za nje zinazofungwa nyuma ya chombo. Mashine hizi hupoozwa kwa maji ya bahari yanayopita mara moja na kutoka, na sehemu yake huonekana ikirushwa kama uzi mwembamba pembeni. Wapo wanaofikiria kufunga mpira hapo ili kupata maji ya moto. Jambo hilo halifai. Uzi ule wa maji ni alama ya kumwambia nahodha kwamba mashine inapoa. Ukizuiwa au ukifichwa, mashine huungua bila mtu kujua. Zaidi ya hayo, ni maji ya chumvi.

Kwa boti hizo jua linatosha. Dumu au tangi jeusi la lita 20, likilazwa juu ya paa la boti tangu asubuhi, mchana huwa na maji yanayofaa kuogea bila kuchoma tone la mafuta. Aliyerudi alfajiri hatanufaika nalo, lakini boti za wageni zinazozuru Mnemba na visiwa vingine wakati wa mchana zitanufaika.

Maji yaliyokwisha kutumika

Maji ya kuogea yana sabuni. Yakiachwa yateremke hadi ngama ya chombo, ambako kuna mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye mashine, sabuni huyachanganya mafuta na maji, na pampu ya ngama huyatoa yote bandarini. Muogaji awe na sehemu yake yenye mfereji na chombo cha kukusanyia, mbali na ngama ya mashine. Bandari ya Malindi ndiyo mlango wa samaki wanaoliwa mjini. Kinachomwagwa humo kina njia ya kurudi mezani.

Kabla ya kuanza kazi

Mwenye chombo anayekusudia kufunga mtambo huu na amuulize fundi wake maswali matano: maji yatachotwa katika matundu gani ya mashine, tangi litakaa juu au chini ya mfuniko wa maji, koki mbili za kufungia zitakuwa wapi, koki ya usalama itamwaga wapi, na maji yatachanganywa vipi kabla ya kumfikia muogaji. Fundi asiyeweza kujibu moja kati ya hayo bado hajawa tayari kuigusa mashine. Aidha, kwa kuwa mtambo unabadilisha mfumo wa mashine na kuongeza uzito ndani ya chombo, ni vyema Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, yenye dhamana ya usajili na ukaguzi wa vyombo, iulizwe kabla ya kufungwa.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Anayeamua kuchota joto la mashine na alifuate jambo hilo hadi mwisho wake, kuanzia klipu ya mwisho hadi koki ya mwisho. Akifanya hivyo, mvuvi anayeleta kitoweo Darajani ataweza kushuka Malindi akiwa ameshaoga kwa maji ya moto, na mashine iliyompeleka ndiyo itakayokuwa imemrudisha salama.